Tusisubiri Aache Pombe Ndipo Tumsaidie Kulea

Hotuba kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, viongozi wa dini na viongozi wa vikundi vya akina mama, Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, wachungaji wetu na mashehe wetu, walimu, wahudumu wa afya mliotoka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, akina mama wa vikoba, na nyinyi kaka zangu mlioketi kule nyuma karibu na mlango: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nimeombwa nizungumze kuhusu malezi ya vijana wetu, wale wa miaka 13 mpaka 18. Nimekubali kwa moyo wote. Ila leo nataka nimzungumzie mama mmoja ambaye mikutano ya malezi huwa haimwaliki, mama anayekunywa pombe kupita kiasi.

Mama huyu tunaye. Yuko mtaani kwetu, yuko ukoo wetu, pengine yuko nyumbani kwetu. Tunamsema sana na tunaongea naye kidogo. Ukiuliza afanyiwe nini, wengi wana jibu moja: "Aache pombe kwanza." Akishaacha ndipo kikundi kimpokee, ndipo mwalimu amwite kwenye kikao cha wazazi, ndipo tumfundishe namna ya kukaa na binti yake aliyefika umri wa ubishi.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nimekuja kulipinga jibu hilo. Kijana wa miaka 14 hana miaka mitatu ya kumsubiri mama yake apone, maana miaka hiyo mitatu ndiyo ujana wake wenyewe. Kazi ya kupunguza pombe na kazi ya kulea inabidi zianze siku moja, na mtu yuleyule, kwenye mazungumzo yaleyale. Tena nimeona mara nyingi kwamba mama anayekataa katakata kuongelea pombe yake atakaa chini na wewe bila shida ukimuuliza habari za mtoto wake. Anampenda. Anamuogopea. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kwanza tuelewane pombe hii imeingiaje nyumbani. Kwetu hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mjini Dodoma wastani wake kwa mwaka ni kama milimita 570. Mtama na uwele vikivunwa, kimea kinaanikwa, mapipa yanapangwa, ujimbi, pombe yetu ya nafaka hizo, unapikwa. Wanaopika ni akina mama. Kwenye vijiji vya zabibu kama Hombolo na Chinangali mavuno huja mara mbili kwa mwaka, na huko kuna choya, pombe ya zabibu. Gongo sina haja ya kuieleza, ingawa sheria imeikataza tangu 1966. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na tulishangilia, lakini chupa ndogo za pombe kali bado ziko madukani, na bado zinaingia kwenye mfuko wa khanga bila mtu kuziona.

Kwa hiyo kwa mama wengi wa mkoa huu pombe iliingia kama kazi. Ndiyo iliyonunua sare ya shule. Ndiyo iliyolipa nauli ya kwenda hospitali. Mama pima, yaani muuza pombe, anaonja ili ajue kama imeiva, mteja anamkaribisha kopo ili wapige soga, jioni ni baridi, mume hayupo au yupo na ni bora asingekuwepo, na kidogo kidogo aliyekuwa anauza anakuwa mnywaji wa kwanza wa kilabu chake mwenyewe. Ukienda kwa mama huyo na maneno ya "hujui pombe ni mbaya?" umeshampoteza. Anajua kuliko wewe. Anachotaka kujua ni kesho watoto watakula nini asipopika.

Nitapita haraka kwenye mambo ya mwili, lakini lipo moja nitalikazia. Mwili wa mwanamke una maji machache kuliko wa mwanaume wa uzito uleule, hivyo kopo lilelile linaacha pombe nyingi zaidi kwenye damu yake, na ini lake huharibika baada ya miaka michache zaidi. Wanaume wakimwambia "mbona sisi tunakunywa zaidi yako na tuko sawa," wanamdanganya bila kujua.

Ninalolikazia ni hili. Mama ambaye amezoea kunywa kila siku, na asubuhi lazima azimue ndipo mikono itulie, msimkomeshe kwa nguvu. Msimfungie ndani. Wachungaji wangu, mashehe wangu, mwombeeni, lakini kwanza apelekwe kituo cha afya. Mwili uliozoea pombe ukiikosa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, homa ikapanda, na watu hufa katika hali hiyo. Mara nyingi majirani husema karogwa. Hospitali wana diazepamu ya kutuliza na vitamini B1 ya kulinda ubongo, na kwa uangalizi mzuri siku hizo huvukwa salama.

Na tusiogope jina la Mirembe. Hospitali ile ipo tangu 1927, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na sisi wa Dodoma tumebahatika kuwa nayo jirani wakati wenzetu wanaifuata kwa safari ya siku nzima. Inaniuma kila ninapomsikia mtoto anamtukana mwenzake, "Mama yako wa Mirembe." Mama anayesikia hivyo atakunywa mpaka afe kuliko kuonekana getini pale. Walimu, tusi hilo mlizime shuleni kama mnavyoyazima mengine. Na si lazima kila mama afike Mirembe. Wengi wanaweza kuanzia zahanati ya kijiji.

Wahudumu wa afya, mna kipimo cha unywaji cha maswali 10 kiitwacho AUDIT. Shirika la Afya Duniani lilikitengeneza miaka ya 1980 likishirikisha nchi sita, Kenya ikiwemo, na toleo la Kiswahili limejaribiwa huko Moshi. Alama zinaanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 kuna hatari, na kuanzia 20 huenda mwili umeshakuwa tegemezi, huyo apelekwe kwa daktari. Kumbukeni kwamba kopo la ujimbi halina lebo ya kiwango, kwa hiyo kabla ya kuhesabu muulize kopo lake ni kubwa kiasi gani, akuonyeshe.

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko nilikotaka tufike.

Watu hudhani kinachomuumiza kijana ni kumuona mama amelewa. Kinamuumiza, ndiyo. Lakini vijana ninaozungumza nao wanalalamikia zaidi kitu kingine: hawajui leo watamkuta mama yupi. Asubuhi mama ameamka kichwa kinamgonga, anakumbuka nusu tu ya aliyoyasema jana. Binti anaijua saa hiyo vizuri. "Mama, naomba elfu mbili, halafu leo nitachelewa, tuna masomo ya ziada." Mama anatoa, wala haulizi masomo gani, kwa sababu moyoni anajiona hana haki tena ya kumkatalia mtoto kitu. Ikifika saa mbili usiku pombe imepanda, na ruhusa ileile imegeuka kosa. "Ulikuwa wapi? Nani kakuruhusu?" Fimbo, matusi, majirani wanachungulia. Kesho yake aibu inarudi, na ruhusa nyingine inatoka.

Mtoto anayekulia hapo hajifunzi sheria za nyumba, maana hazipo. Anajifunza kusikiliza hatua za miguu uani, namna mlango unavyosukumwa, sauti ya salamu ya kwanza, ili ajue akae au atoroke. Binti wa kwanza anakuwa mama wa nyumba: anapika, anawaogesha wadogo zake, anamfulia mama nguo zilizochafuka, anadanganya shuleni kwamba mama ana malaria. Wa kiume mara nyingi hutoka. Anahamia stendi, au kwa rafiki, au kwenye kilabu kilekile anakokunywa mama. Na wapo mabinti wanaokubali kwenda mjini kufanya kazi za ndani wakiwa na miaka 15 kwa sababu hiyo tu, waondoke pale.

Mkilitazama vizuri hilo, mtaona kwamba aibu ndiyo inayomfanya mama alegeze, na pombe ndiyo inayomfanya akaze kupita kiasi, na yote mawili yanamvunjia mamlaka. Kwa hiyo tukimwongezea aibu tunamwongezea tatizo. Wazee walisema mficha uchi hazai. Sisi tumekuwa tukimlazimisha afiche, halafu tunamlaumu kwa kutopata msaada.

Basi tumfundishe nini mama ambaye bado anakunywa?

Jambo la kwanza ninalomfundisha ni kuitafuta saa yake. Karibu kila mama ana kipande cha siku ambacho kichwa chake ni kizima. Kwa wengi ni kati ya alfajiri na adhuhuri. Mwingine ni siku ya mnada tu ndipo anapolewa, na siku nyingine zote yuko sawa. Tuitafute saa hiyo pamoja naye na malezi yote tuyahamishie hapo. Dakika 10 au 15 na kijana wake, kila siku, akichambua mboga au akichota maji, bila kutaja makosa ya jana. Kumuuliza habari za shule na kusikiliza jibu mpaka mwisho. Kumsifu kwa kitu alichokifanya kweli: "Nimeona umemuogesha mdogo wako, ahsante mwanangu." Mama wengi hudhani kijana wa miaka 15 hajali sifa za mama yake. Wajaribu waone.

Jambo la pili ndilo gumu, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Mama afanye makubaliano na kijana wake, mchana, kwa maneno mafupi: "Nikiwa nimekunywa, siamui kitu. Sikupigi, sikupi ruhusa, sikunyimi. Tukikosana usiku, tutayamaliza asubuhi." Halafu ayashike. Mtaniuliza mlevi ataweza vipi kushika makubaliano akiwa amelewa. Siku za mwanzo hatashika yote. Lakini kijana naye anayajua, bibi wa nyumba ya jirani anayajua, na mama mwenyewe akianza kufoka anaweza kukumbushwa kwa neno moja, "Asubuhi, mama." Nimeziona nyumba ambamo neno hilo limezuia fimbo. Na kipo kingine kinachotokea. Mama anapoanza kuhesabu mambo aliyoshindwa kuamua kwa sababu amekunywa, anaanza kuiona pombe yake kwa namna ambayo mahubiri yetu yote hayakumwonyesha. Kuna wanaoanza kuchelewesha kopo la kwanza kwa sababu tu wanataka kukagua daftari la mtoto wakiwa timamu.

Kisha kuna lile jibu ambalo kila mama anayekunywa analiogopa. Anamwambia kijana arudi mapema, kijana anamgeukia: "Wewe mlevi utaniambia nini?" Akina mama huniambia hapo ndipo wanapoishiwa nguvu kabisa. Wengine hupiga, wengine hulia, wengine huenda kunywa. Tuwafundishe jibu, tulifanyie mazoezi mpaka lizoeleke mdomoni: "Ni kweli nakunywa, na ninatafuta msaada. Na mimi ni mama yako. Saa moja jioni uwe nyumbani." Asijitetee. Asianze kueleza maisha yalivyomtesa, hata kama yamemtesa. Mtoto hahitaji kusikia historia hiyo saa ile. Anahitaji kusikia kwamba bado kuna mtu mzima ndani ya nyumba. Mama si lazima awe ameshapona ndipo awe na haki ya kujua mwanawe yuko wapi, yuko na nani na atarudi saa ngapi. Kijana ambaye mzazi wake anayajua hayo matatu huwa salama zaidi dhidi ya pombe, bangi na mimba za mapema, na hayo matatu yanaulizika hata na mama aliyekunywa jana.

Kuomba radhi nako kunafundishwa. "Jana nilikutukana mbele ya rafiki zako. Nilikosea. Hukustahili." Aishie hapo. Asiongeze "lakini na wewe bwana," maana hiyo inafuta yote. Na asiape kwamba hatakunywa tena. Vijana hawa wamesikia kiapo hicho mara nyingi mno, na kila kinapovunjika wanajifunza kutoamini neno la mama. Aahidi kidogo anachokiweza: "Alhamisi nitakuja kwenye kikao cha shule." Halafu aende.

Mpango wa usiku usisahaulike. Mama na kijana wake wakae mchana wapange: siku mama akizidiwa, ufunguo uko wapi, unga uko wapi, wadogo wanalala wapi, na mtu mzima wa kumfuata ni nani. Awe shangazi, bibi, mama mdogo au jirani mcha Mungu, na mtu huyo aombwe mapema, akubali, asishtukizwe saa sita za usiku. Nyumba inayouza pombe ina hatari yake ya ziada, na nitaisema wazi mbele ya wanaume. Binti asitumwe kupeleka kopo kwa wateja. Asikae kilabuni kukusanya pesa. Chumba anacholala kiwe na komeo la ndani linalofunga kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, na kazi za baa imeziweka miongoni mwa kazi hatarishi kwa mtoto. Mama akiweza kuhamisha biashara kutoka uani kwake, kikundi kimsaidie ahamishe. Akiweza kuiacha akashika karanga, alizeti au kuku, mkopo wa kikoba ufanye kazi hiyo kabla ya kununua vitenge vya sare.

Je, haya yana ushahidi, au ni maneno yangu tu? Afrika Kusini, katika jimbo la Eastern Cape, walifanya utafiti uliochapishwa 2018. Familia 552 kutoka maeneo 40 zenye vijana wa miaka 10 hadi 18, nusu ya maeneo yakapewa mafunzo ya malezi ya vikao 14 yanayoendeshwa na watu wa kawaida wa jamii. Miezi kadhaa baadaye vipigo na matusi vilikuwa vimepungua, wazazi walikuwa wanafuatilia vijana wao zaidi, na angalieni hili: matumizi ya pombe na vilevi kwa walezi na kwa vijana yalipungua pia. Hayakuwa mafunzo ya kuacha pombe. Yalikuwa ya malezi. Mafunzo ya ukoo huohuo yamewahi kuletwa hapa Tanzania kwa jina la Furaha, na huenda baadhi yenu mliyaendesha.

Upande wa pombe, huko Goa nchini India, washauri wasio madaktari waliwasaidia wanywaji kwa vikao visivyozidi vinne. Matokeo yalichapishwa 2017: baada ya miezi mitatu, asilimia 36 ya waliopata ushauri walikuwa wametoka kwenye unywaji wa hatari, dhidi ya asilimia 26 ya waliopata huduma ya kawaida. Eldoret, kwa majirani zetu Kenya, walifanya jaribio dogo sana, hata watu kumi hawakufika, lakini limenigusa. Waliunganisha ushauri wa pombe na wajibu wa kulea, na mshauri alikuwa mtu wa mtaani aliyefundishwa, na wengi wa waliomaliza walipunguza kunywa.

Mnajua waliohudumiwa Goa na Eldoret walikuwa akina nani? Wanaume. Wote. Baba akinywa, dunia inamjengea huduma. Mama akinywa, tunamjengea masengenyo. Dada zangu, hilo halikubaliki, na hatuhitaji kusubiri mtu wa nje aje kulirekebisha. (Makofi)

Kaka zangu wa nyuma, naomba dakika moja tu. Wengi wa akina mama hawa wanakunywa ndani ya nyumba zenye vipigo. Kumpiga mke ili aache pombe hakujawahi kumuachisha mtu pombe. Na kama na wewe unakunywa, kaa naye mhesabiane wote wawili. Anayepigwa afike kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ndiyo kazi yao.

Sasa vijana wenyewe. Hawa nao wanahitaji kuambiwa maneno yao, mbali na mama. Kwanza, kwamba hawakusababisha. Wengi wanaamini mama alianza kunywa kwa sababu wao walifeli, au kwa sababu walizaliwa. Pili, kwamba kumwaga pombe ya mama mtaroni au kuficha chupa hakumponyi mama, na si kazi yao kumponya. Tatu, waambiwe ukweli juu ya damu yao: karibu nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mlevi hutokana na urithi, na nusu nyingine ni maisha, kwa hiyo hawajahukumiwa, ila wana sababu zaidi ya wenzao ya kuchelewa kuonja. Utafiti wa Marekani wa 1997 uliona kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na hatari ya utegemezi karibu mara nne ya walioanza wakiwa na miaka 21. Wapewe pia namba 116, simu ya mtoto, ambayo haitozi pesa.

Walimu, yule anayesinzia kipindi cha kwanza pengine amekesha akimsubiri mama arudi salama. Muiteni pembeni. Msimuulize mbele ya darasa, na msimwambie "mlete mzazi wako" mkijua mzazi ana tatizo gani. Mfuateni mama asubuhi nyumbani kwake, mumsalimie kwa heshima anayostahili mzazi yeyote, "Shikamoo mama, nimekuja tuongee habari za mwanetu."

Jambo moja nisilisahau, maana ndilo linalowavunja moyo wahudumu wapya. Mama atarudia. Ataacha wiki sita, halafu msiba au harusi itamrudisha. Hiyo ni hali ya kawaida ya ugonjwa huu, na kijana aambiwe mapema ili asidhani yote yamekufa. Siku hiyo mpango wa usiku unafanya kazi yake, makubaliano ya "asubuhi" yanafanya kazi yake, na kesho yake mhudumu anarudi palepale bila kufoka. Vikundi vya akina mama, msimtoze faini ya ulevi na msimfute kwenye daftari. Hamisheni kikao kije saa nne asubuhi, saa ambayo anaweza kuja akiwa mzima. Makanisa na misikiti, msimtenge. Akitengwa na waumini, watakaobaki kumpokea ni wa kilabuni.

Nimewachosha, chakula kiko tayari. Tukirudi hatutasikiliza hotuba nyingine. Tutakaa wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa kata nyingine. Mmoja atakuwa mama aliyekunywa jana usiku, mwingine atakuwa binti yake wa miaka 15 anayemwambia "utaniambia nini wewe?" Mama ajibu. Kisha mbadilishane. Kaka zangu wa nyuma, na nyinyi mtakuwa akina mama. Tutarudia mpaka jibu litoke bila hasira na bila machozi, na wiki hii kila mmoja wetu aende na jibu hilo kwa mama mmoja anayemjua, asubuhi, kabla kopo la kwanza halijamiminwa.

Ahsanteni sana.